Tupeane uzoefu: kutembea İstiklal, Istanbul

Mzigo_Laleli
Wadau, wengi mnaenda Istanbul kufunga mzigo Laleli, mtaa wa maduka ya jumla, jioni mnapanda Taksim kupunga upepo. Mtaa wenyewe ni İstiklal Caddesi, kama kilomita 1.4 kutoka uwanja wa Taksim hadi Tünel. Katikati inapita ile tramu nyekundu. Wanaoujua wamwage hapa: mtu aanzie wapi, aepuke nini?

Kibosho
Aanzie Taksim. Kutoka Laleli panda tramu ya T1 hadi Kabataş, mwisho wa njia, kisha F1, treni ya kebo inayokupandisha hadi Taksim. Hapo unatembea kuelekea Tünel, halafu unashuka Galip Dede, kwenye maduka ya vyombo vya muziki, mpaka mnara wa Galata. Ukianzia chini utapanda mlima mkali na magoti yatakuuma.

Bint Unguja
Kibosho, sivyo. Anayeanzia chini hapandi kwa miguu. Anashuka kituo cha Karaköy kwenye T1, anaingia Tünel, reli ya chini ya ardhi ya tangu 1875. Ni mita 573 tu, na inamtoa mwanzo wa İstiklal. Kule kushuka Galip Dede unakokusifia, mvua ikinyesha mawe yanateleza. Usimpeleke mtu na viatu vya soli laini.

Kibosho
Mvua hainyeshi kila siku, dada.

Fundi Saa
Mnagombana bure. Kituo cha Vezneciler ni jirani na Laleli. Metro ya M2 moja kwa moja, ushuke Şişhane au Taksim, upendavyo. Nunua Istanbulkart, kadi ya nauli, kwenye mashine. Bila kadi hata tramu nyekundu hupandi, na Ijumaa jioni watu ni wengi, mguu unaiwahi.

Chuma
Hayo ya treni ni madogo. Linalomaliza watu pale ni baa, hasa mwanamume akiwa peke yake usiku. Linaanza hivi. Mtu nadhifu anakuomba kiberiti au anakuuliza saa. Anasema na yeye ni mgeni mjini, yuko kwenye biashara, anakusifia nchi yako. Mnatembea pamoja dakika kumi, anakuchekesha, kisha anajua "sehemu nzuri" uchochoroni, nje ya mtaa mkubwa. Mkiingia, wanawake wawili wanakaa mezani bila kuitwa, na kila glasi wanayokunywa inaandikwa kwako. Menyu huioni, au bei hazimo. Bili inakuja kubwa kupita fedha yote uliyonayo. Yule rafiki anajifanya kushtuka, anatoa nusu yake, na anakusihi na wewe utoe. Mlangoni wameshasimama mabaunsa. Ukisema huna, wanakusindikiza mpaka ATM. Kinachouma ni kwamba kila hatua ulipiga kwa miguu yako mwenyewe. Dawa iko mwanzoni tu: baa uichague wewe, yeye akufuate. Akikataa, umeshamjua.

Bint Unguja
Chuma kasema yote.

Mzigo_Laleli
Na aliyekwisha kunaswa je?

Kibosho
Alipe kwa kadi, kesho aidai benki.

Fundi Saa
Hapana! Ukiingiza namba ya siri mwenyewe, benki itasema umeridhia, na kurudishiwa ni kazi ngumu. Toa noti chache ulizonazo, ondoka, piga 112. Kadi kubwa iache hotelini, ila pasipoti tembea nayo, maana polisi hukagua vitambulisho Taksim.

Bint Unguja
Kuna na mng'arisha viatu. Anakupita, brashi inamdondoka. Ukiiokota anakushukuru, anakung'arishia viatu kama "zawadi", kisha anadai hela. Brashi iache palepale. Na zile aiskrimu zinazovutika kama mpira kwa ajili ya salep, unga wa mizizi ya okidi: uliza bei kabla muuzaji hajaanza mchezo wake wa kukunyang'anya koni. Chestinati, zile njugu kubwa za kuchoma, huuzwa kwa gramu, soma kibao.

Chuma
Wasiotumia pombe, Çiçek Pasajı, ile njia yenye paa hapo İstiklal, ni pa kupiga picha tu, humo ni meyhane, yaani migahawa ya pombe. Sala ipo msikiti wa Taksim, uliofunguliwa 2021.

Fundi Saa
ATM ikikuuliza ikukate kwa dola au lira ya Kituruki, chagua lira. Ukichagua dola, mashine inakupangia kiwango chake.

Kibosho
Bint Unguja, nakubali, soli ngumu zivaliwe.