Wazee wanasema vijana wanakula bata. Hesabu inasemaje?

Swali: Kijana wa Mtwara Mjini analipwa 500,000 na bado anakopa. Mzee Newala anamwita mtapanyaji. Ana haki?

Jibu: NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, 10%, yaani 50,000. PAYE, kodi ya mshahara, 14,400. Kama alisomeshwa kwa mkopo wa HESLB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu), 15% nyingine: 75,000. Zinabaki 360,600, kodi ya chumba bado. Mzee husikia laki tano tu, haoni hati ya mshahara.

Jibu: Wazee pia humwambia "Rudi shamba". Hiyo nayo! Mkorosho mpya huanza kuzaa kama mwaka wa tatu. Wazee wengi walirithi mikorosho iliyokuwa tayari inazaa. Salfa, dawa ya mikorosho, ni kabla ya mavuno, pesa baada ya mnada wa korosho. Hapo ndipo mikopo ya simu inapomnasa kijana.

Jibu: Mwonyesheni mzee hiyo hati ya mshahara, shikamoo kwanza.