Naomba ushauri: nabebaje mafuta na vifaa vya gari la rimoti kwenye pikipiki bila kumwaga?

Mwana_Makole

Wakuu, habari za jioni.

Nina gari la rimoti la naitro (linatumia mafuta maalumu, si petroli), kipimo cha 1/8, yaani sehemu moja ya nane ya gari halisi, injini ya sentimita za ujazo 3.5, tenki la mililita 125. Kila Jumapili jioni tunaliendesha na wanangu wawili kwenye eneo la wazi huku Iyumbu, Dodoma. Nakaa Makole na usafiri wangu ni pikipiki, hivyo gari nalibeba kwenye begi la mgongoni. Vitu vingine vyote nimevipanga kwenye sanduku la plastiki jeusi nililolifunga nyuma ya siti.

Jumapili iliyopita tumefika, nafungua sanduku, nakuta mafuta yametapakaa. Bisibisi, funguo za eli (zile za pembe sita), spana ya plagi, betri za akiba, hata rimoti yenyewe, vyote vimelowa. Ule mpira wa usukani wa rimoti umevimba na maandishi ya vitufe yamefutika. Karibu nusu chupa imekwenda, na mafuta haya hayapatikani hapa Dodoma. Dumu langu nililinunua kwa mtu wa Dar aliyekuwa anaachana na mchezo huu, akaniletea kwa gari lake. Mwanangu wa pili alilia njia nzima kurudi nyumbani, na mimi iliniuma kuliko nilivyomwonyesha.

Kilichonichanganya ni kwamba kifuniko kilikuwa kimekaza. Nilikikagua mara mbili kabla ya kutoka.

Naomba kujua mnabebaje mafuta yenu, na sanduku la vifaa liwe la namna gani. Niagize begi la kiwandani kutoka nje, au kuna fundi hapa mjini anaweza kunitengenezea? Pesa ninayo kidogo, si ya kuchezea.

Fundi_Nkuhungu

Pole sana mkuu. Kabla sijasema lolote, chupa yenyewe ni ipi? Ni ile ya kubana kwa mkono, yenye mdomo wa chuma uliopinda na mrija unaoshuka hadi chini? Na sanduku lilikaa wapi kabla hamjaenda uwanjani?

Mwana_Makole

Ndiyo hiyo hiyo, ya mililita 500. Niliijaza asubuhi nyumbani ili nisihangaike baadaye. Pikipiki ilikaa nje ya kanisa kuanzia saa tatu hadi saa saba mchana, juani. Halafu nikapitia kwa shemeji, tukaondoka saa kumi.

Fundi_Nkuhungu

Basi mwizi wako tumempata, na wala si kifuniko. Ni mrija.

Mafuta ya naitro sehemu kubwa yake ni methanoli. Methanoli inachemka kwenye nyuzi 65 hivi, na hata kabla ya kuchemka inatoa mvuke mwingi sana ikipata joto. Sanduku jeusi kwenye jua la Dodoma, ndani yake ni jiko. Mvuke na hewa vinajikusanya juu ya mafuta, vinatafuta pa kutokea. Kifuniko umekikaza, havipiti hapo. Vinachofanya ni kuyasukuma mafuta yenyewe kutoka chini, yanapanda kwenye mrija, yanatokea mdomoni. Ndivyo chupa hiyo ilivyotengenezwa ifanye kazi: ukiibana, mafuta yanatoka. Jua liliibana badala ya mkono wako.

Mimi yalinikuta mwaka juzi, nikapoteza chaja nzima. Tangu hapo chupa ya kubana naisafirisha tupu. Mafuta yanakaa kwenye chombo chake cha asili, kile cha plastiki nzito kilichokuja nayo, kifuniko chenye mpira ndani, kimesimama wima. Nikifika uwanjani natafuta kivuli, nafungua dumu taratibu lipumue, ndipo nahamishia kwenye chupa yale ya kutosha tenki mbili hivi. Mililita 300 zinatosha sana. Ukimaliza, kilichobaki kirudishe kwenye dumu na ufunge mara moja, maana methanoli inanyonya unyevu wa hewa. Kiangazi si hoja sana kwetu, ila kuanzia Desemba mvua zikianza utaona gari linawaka kwa shida.

Na dumu lako lilitoka Dar, usawa wa bahari. Sisi huku tuko zaidi ya mita 1,100 juu, hewa ya nje ina mgandamizo pungufu kwa kama asilimia 12. Chombo kilichofungwa kule kikifika huku kinakuwa kimetuna hata bila jua. Ukifungua mara ya kwanza weka kitambaa juu ya kifuniko na uso uwe mbali.

Nesi_Chamwino

Naomba niingie hapo hapo. Kazi yangu ni uuguzi na neno methanoli limenifanya nisipite kimya.

Kaka, hayo mafuta mengi hutiwa rangi, mekundu, ya kijani au ya buluu. Kwa mtoto hiyo ni juisi. Tafadhali usiyaweke kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, hata kwa dakika tano. Mililita 10 za methanoli tupu zinaweza kumpofusha mtu macho. Ubaya wake, mtu anaweza kuonekana mzima kabisa kwa saa nyingi, hata siku nzima, ndipo macho yaanze kuona ukungu. Akinywa mtoto hata funda moja, usisubiri dalili, usimpe maziwa mkasubiri, nendeni hospitali na mbebe chombo ili daktari ajue ni nini. Inapita hata kwenye ngozi, kwa hiyo mikono ikilowa osheni kwa maji na sabuni kabla hamjagusa chakula. Watoto wasiwe wajazaji.

Mwana_Makole

Dada, asante sana. Nakiri wanangu ndio waliokuwa wanashika chupa, kwao ilikuwa furaha kubwa. Leo hii nimeshawaambia kazi hiyo ni ya baba.

Kisasa_Injini

Mkuu, kwa nini usihamie gari la petroli? Kipimo cha 1/5, injini ya stroku mbili kama ya msumeno wa miti, unachanganya oili mililita 40 kwa lita moja ya petroli na mafuta unayapata kila kituo. Mimi nina la hivyo, sijawahi kumbembeleza mtu wa Dar.

Fundi_Nkuhungu

@Kisasa_Injini ni wazo zuri kwa anayeanza, ila yeye gari analo tayari. Na la 1/5 utalibebaje kwenye pikipiki pamoja na watoto? Halafu petroli kuivukisha juani ni hatari zaidi ya hii, inashika moto hata kwenye baridi kali.

Kisasa_Injini

Kweli, langu nabeba kwa kirikuu. Nimekubali.

Mtoto_wa_Kondoa

Fundi kaeleza chupa vizuri, mimi niongee sanduku, maana naona kosa kubwa kuliko la chupa halijaguswa. Umesema betri za akiba zilikuwa humo humo na mafuta. Kile kiwashio cha plagi, cha kuipasha moto wakati wa kuwasha injini, nacho kilikuwa humo?

Mwana_Makole

Ndiyo. Na betri ya volti 12, ile ndogo ya Ah 7 ya sanduku la kuwashia injini, ilikuwa chini kabisa.

Mtoto_wa_Kondoa

Ndugu yangu, mshukuru Mungu. Betri ya volti 12 yenye vichwa wazi, spana za chuma zinarukaruka juu yake kwenye barabara ya vumbi, na mvuke wa methanoli umejaa kwenye sanduku lililofungwa. Spana moja ingelalia vichwa vyote viwili, cheche moja tu, usingekuja hapa kuuliza habari ya mpira wa usukani. Moto wa methanoli mchana hauonekani vizuri. Hauna moshi wala mwanga wa njano. Unaweza kushika kitu kinachoungua hujui kama kinaungua.

Kwa hiyo usitafute sanduku moja bora. Tafuta viwili. Mafuta yasafiri peke yake, vifaa na umeme upande mwingine.

Mimi nilifanya hivi. Kwa mafuta nilichukua ndoo nyeupe ya rangi ya lita 10, nikaisafisha, nikakata godoro chakavu duara, nikatoboa katikati ukubwa wa dumu langu la lita mbili. Dumu linasimama humo halitikisiki. Kifuniko cha ndoo nimekitoboa matundu madogo sita ili mvuke usijikusanye. Nyeupe haishiki joto kama nyeusi, na dumu likivuja, mafuta yanaishia ndani ya ndoo. Naifunga nje ya pikipiki, upande wa mbali na ekzosi. Gharama yake haikuzidi bei ya kilo mbili za nyama.

Kwa vifaa nilimpelekea fundi cherehani wa soko la Sabasaba suruali mbili za jinzi zilizochakaa, akanishonea mkanda wa mifuko unaozunguka ndoo nyingine ya lita 20, nje na ndani. Kila bisibisi ina mfuko wake. Funguo za eli za milimita 1.5, 2, 2.5 na 3, hizo ndizo utazitumia asilimia kubwa ya siku, ziwe mbele. Spana ya nati za matairi ya 17 na ya plagi ya 8 ziwe nyuma. Ndani ya ndoo ndimo kunakaa sanduku la kuwashia. Vichwa vya betri nimevivika vipande vya mpira wa tyubu na gundi ya umeme. Ukifika uwanjani, ndoo ukiifunika unapata kiti.

Miyuji_Vumbi

Naongezea mambo ya vumbi, maana hapa kwetu ndilo adui mkubwa wa injini kuliko hata mafuta mabaya. Filta za hewa za sponji zibebe mbili za akiba, zimeshapakwa oili tayari, kila moja kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa. Ukibadilisha uwanjani, zima injini, futa pembeni kwa brashi ya rangi kwanza, ndipo utoe filta. Mchanga ukiingia kwenye kabureta mara moja, silinda imekwisha.

Na ubebe sinia. Sinia la chai lolote, utandike taulo jeupe. Skrubu ikianguka kwenye mchanga mwekundu wa Iyumbu hutaiona tena mpaka Kiyama. Sumaku ya spika mbovu gundisha kwenye ukingo wa sinia, skrubu zote unazitupia hapo.

Mwana_Makole

Wakuu, sikutegemea haya. Nimesoma kwa mke wangu kwa sauti, yeye ndiye aliyesema begi la nje tusahau.

Maswali mawili yamebaki. Kuzima moto nibebe nini? Na je, dumu lililobaki nyumbani nilihifadhi wapi?

Mtoto_wa_Kondoa

Mtungi mdogo wa poda kavu, wa kilo moja, unatosha na unakaa kwenye ndoo ya vifaa. Na dumu la maji la lita tano. Methanoli inachanganyika na maji, tofauti na petroli, kwa hiyo maji mengi yanaufifisha moto wake. Kidogo hayasaidii. Moto ukikushinda, zimamoto ni 114.

Fundi_Nkuhungu

Nyumbani usiliweke jikoni wala chumba cha kulala. Stoo yenye dirisha, juu ambapo mtoto hafiki, kivulini, mbali na mtungi wa gesi na mkaa. Liandike kwa maka nyeusi: SUMU, SI KINYWAJI.

Lingine, injini yako kama ilisetiwa Dar, huku inakunywa mafuta kupita kiasi kwa sababu hewa ni nyembamba. Kaza sindano ya kabureta, ile skrubu inayopima mafuta, kidogo kidogo, kila mara kipimo cha saa moja kwenye uso wa saa, usikilize. Moshi mwembamba wa buluu uendelee kuonekana. Ukipotea, rudisha nyuma haraka. Ukipata sawa, tenki litadumu zaidi, na huo nao ni mzigo mdogo wa kubeba.

Mwana_Makole (Jumapili, saa mbili usiku)

Mrejesho. Ndoo mbili, kama alivyoelekeza Mtoto_wa_Kondoa, ila jinzi nilipata moja tu, mifuko iliyobaki nimeshonesha kwa turubai. Dumu limekaa kwenye ndoo tangu asubuhi, kivulini nyuma ya nyumba. Nimelifungua uwanjani likapumua kidogo tu. Hakuna tone lililomwagika njiani.

Tenki nne zimekwenda. Skrubu moja ya mkono wa mbele ilichomoka, tukaipata kwa sumaku baada ya dakika tatu, mdogo ndiye aliyeiokota. Mpira wa usukani bado umevimba, nimeuzungushia mkanda wa baiskeli kwa sasa.

@Miyuji_Vumbi, filta za akiba umezipata wapi? Nimebakiwa na moja na imeanza kuchanika.

Miyuji_Vumbi

Nakata mwenyewe kutoka sponji ya filta ya pikipiki, ile laini yenye matundu madogo. Njoo na filta yako mbovu Jumapili ijayo Iyumbu, nitakukatia tatu kwa kipimo chake. Oili ninayo.