Mrejesho: mirija ya brasi iliyokuwa ikipasuka mdomo

Mafundi wenzangu, nimerudi na shukrani. Niliuliza hapa kwa nini mirija ya brasi (mchanganyiko wa shaba na zinki) ya milimita 8 inapasuka nikiipanua mdomo iingie kwenye viungo vya milimita 10, vya mikono ya pampu za kunyunyizia dawa shambani. Wakati huo nilikuwa nimeshaharibu minne kati ya sita.

Aliyesema brasi hukakamaa kila inapogongwa alinifungua macho. Nimefuata ushauri wake: niliutia moto mdomo peke yake ili ulainike tena, jioni, kibanda changu hapa Kibuye, Kisumu, kikiwa na giza kidogo ili rangi ionekane. Ulipoanza tu kuwa mwekundu wa kufifia nikautumbukiza majini. Nilihofia maji yataufanya mgumu kama feleji iliyotiwa moto, kumbe brasi haiko hivyo. Nikaubana kwenye vaisi, nikapaka oili, nikagonga ndani ya mdomo kifaa cha kupanulia chenye ncha ya umbo la pia hadi nusu ya upana niliotaka, nikatia moto tena, ndipo nikamalizia. Msiruke huo moto wa pili. Mmoja niliuruka kwa haraka, ukachanika ufa mwembamba kama unywele.

Kati ya sita mipya, minne imekaa sawa. Mwingine niliupitisha moto mpaka ukatoa moshi mweupe, mdomo ukalegea na kupinda. Huo moshi ni wa zinki iliyo ndani ya brasi, si mzuri kuuvuta, fungueni mlango.

Kiungo kimoja bado kinatoa matone pampu ikijaa presha. Nimekizungushia tepu ya bomba kwa sasa. Asanteni sana, wazee wangu.