Kazi ya uandishi wa habari: tangazo limefungwa wiki tatu, kimya. Nifuatilieje?

kalamu_mpya
Habari wakuu. Nimeomba nafasi mbili hapa Tanzania. Moja ni ya gazeti binafsi, niliomba kwa barua pepe. Nyingine ni ya chombo cha umma, kupitia Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa kuomba kazi za umma. Zote zimefungwa wiki tatu zilizopita. Nimpigie mhariri, au nitaonekana msumbufu?

Meza ya Habari
Gazeti binafsi, wiki tatu zinatosha. Andika, usipige. Simu ya alasiri ndiyo mbaya zaidi, maana kuanzia saa tisa hadi usiku kurasa zinafungwa. Tuma kama saa nne asubuhi, kikao cha asubuhi kikiwa kimekwisha, na ujibu juu ya barua pepe ileile uliyoombea kazi ili CV ionekane hapohapo chini.

Sentensi nne tu: nafasi gani, uliomba tarehe ngapi, bado unaitaka, na kiungo cha kazi uliyoifanya baada ya kuomba. Hicho kiungo ndicho chenye uzito. "Naomba kujua hatima ya maombi yangu" haimpi mhariri cha kufanya, lakini habari ya bei ya mahindi yenye vyanzo vitatu ataifungua. Jaribu viungo vyako vyote kwa simu ya mtu mwingine kwanza. Faili la Google Drive usiloliruhusu lionekane kwa kila mwenye kiungo litamtaka mhariri aombe ruhusa, na hataomba.

Mchujo
Cha umma ni habari nyingine, huko hakuna mhariri wa kumwandikia. Anayechuja ni Sekretarieti ya Ajira, chombo cha serikali kinachosimamia ajira za utumishi wa umma. Angalia hali ya ombi ndani ya akaunti yako, kisha fuatilia matangazo ya kuitwa kwenye usaili katika tovuti yao. Wiki tatu kwa utaratibu huo bado ni mapema.

Tumia muda huu kupanga vyeti halisi: kuzaliwa, kidato cha nne, cha sita kama unacho, na cha chuo. Hati za matokeo za muda hazipokelewi. Linganisha majina herufi kwa herufi. Wengi hukwama mlangoni kwa sababu cheti cha kuzaliwa kina jina moja na cha chuo kina jingine. Kama yanatofautiana, muone wakili sasa hivi, usisubiri tarehe ya usaili. Aliyesoma nje ya nchi anahitaji uthibitisho wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kwa shahada au NACTVET (baraza la elimu na mafunzo ya ufundi) kwa stashahada. Na mtu akikuomba pesa ili jina lako lipite, huyo ni tapeli.

Dawati la Mikoa
Naongeza ithibati, yaani kutambuliwa rasmi kama mwandishi wa habari. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inamtaka mwandishi awe na kitambulisho cha Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari, na elimu inayotakiwa haipungui stashahada. Mwajiri makini atakuuliza.

kalamu_mpya
Asanteni sana. Na gazeti lisipojibu?

Meza ya Habari
Subiri siku kumi za kazi, kumbusha mara moja tu. Wakinyamaza tena, acha kuulizia ajira. Mpelekee mhariri wa dawati pendekezo la habari kama mwandishi wa kujitegemea. Liwe na kichwa, watu utakaowahoji, idadi ya maneno, picha zilizopo na siku utakayokabidhi. Ulizia malipo kabla hujaanza kuandika.