Jiwe la askari wa Dar pale Brunnenstraße: tukalisugue au tuliache?

Kitongoji
Wakuu, nipo Berlin. Huku kuna vijiwe vinaitwa Stolpersteine: zege la sentimita 10 kila upande, juu bamba la shaba lenye jina la mtu, kimepachikwa njiani mbele ya nyumba aliyokuwa akiishi kabla Wanazi hawajamchukua. Alianza msanii Gunter Demnig miaka ya 90, leo vimepita laki moja Ulaya nzima. Kila tarehe 9 Novemba majirani na watoto wa shule wanatoka na vitambaa, wanasugua, wanasoma jina, wanawasha mshumaa. Wanasema mtoto akikua hivyo hatamchukia asiyefanana naye. Sasa Brunnenstraße 193 kipo cha mtu wetu: Bayume Mohamed Husen, jina la nyumbani Mahjub bin Adam, kazaliwa Dar 1904, kafundisha Kiswahili chuo kikuu hapa, kafia kambi ya Sachsenhausen Novemba 1944. Baadhi yetu tunataka tukilee sisi, twende na watoto kila mwaka. Wengine wanasema ni maigizo ya Wazungu kujisafisha. Mnaonaje?

Nondo
Maigizo. Vijiwe laki moja, na bado AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia, wameshika nafasi ya pili uchaguzi wa Ujerumani wa 2025. Anayetoka na kitambaa ni yule ambaye hakuhitaji somo, mwenye chuki yuko kwake anakunywa bia. Halafu huyo Husen si alikuwa askari wa Mjerumani? Kibaraka anawashiwa mshumaa, wazee wa Majimaji hawana hata kibao.

Mjukuu wa KAR
Kibaraka nani? Vita vinaanza 1914 Husen ana miaka kumi, kaingia jeshini na baba yake. Mtoto wa miaka kumi unamwita kibaraka? Babu yangu mimi alikwenda Burma na KAR, jeshi la Mwingereza la Waafrika, njoo umwite hivyo mbele yangu.

Mngoni Halisi
"Hawana hata kibao." Wewe Nondo Songea umewahi kufika au unaisikia kwenye redio? Makumbusho ya Majimaji yapo, kaburi la walionyongwa lipo, na kila tarehe 27 Februari tunakusanyika. Rais wa Ujerumani mwenyewe, Steinmeier, alikuja Novemba 2023 akaomba msamaha pale pale. Kama hujui, uliza.

Nondo
Sawa, kibao kipo. Lakini babu wa mtu sikumtaja, mtu kajitaja mwenyewe.

Bi Sharifa
Wanangu, mnasugua shaba kwa kitu gani huko? Isije ikawa zile dawa za dukani. Kwetu Unguja sinia la shaba ni ukwaju na majivu, linang'aa kama limetoka kwa sonara leo.

Kitongoji
Bi Sharifa shikamoo. Mvua za huku zinakifanya cheusi kabisa, jina halisomeki. Nitajaribu ukwaju.

Mtu wa Munich
Mimi naishi mji uliokataa. Baraza la jiji lilizuia vijiwe hivyo kwenye njia za umma tangu 2004. Aliyepinga kwa sauti kubwa ni Mama Charlotte Knobloch, kiongozi wa Wayahudi wa hapa, ambaye yeye mwenyewe alinusurika kwa kufichwa shambani akiwa mtoto. Alisema watu hawa walikanyagwa wakiwa hai, majina yao yasikanyagwe tena. Sasa wanaweka vibao ukutani na kwenye nguzo. Msiseme kila anayepinga ana chuki.

Isimbi
Kigali hatukukanyaga mtu. Ila Gisozi, makumbusho yetu ya mauaji ya kimbari, ilijengwa kwa msaada wa watu waliotoka kwenye kituo cha kumbukumbu ya mauaji ya Wayahudi Uingereza, ikafunguliwa 2004. Watoto wa shule wanaletwa. Nondo anasema haisaidii, mimi nauliza: angependa walelewe bila kujua?

Kaka Mkubwa
Na Gaza je?

Mjukuu wa KAR
Turudi kwa "kibaraka." Husen alikuja Berlin 1929 kufanya nini? Kudai mshahara wake na wa baba yake aliokuwa hajalipwa! Serikali ikamgomea. Akaomba nishani ya vita, wakamnyima. Kibaraka gani anamfuata bosi hadi kwake kudai deni?

Nondo
Kibaraka huyo huyo aliyecheza kwenye filamu ya Wanazi ya 1941 ya kumsifu Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani aliyeitwa huku kwetu Mkono wa Damu! Haya, jibu.

Mjukuu wa KAR
Mweusi wa Berlin 1941 mwenye mke na mtoto, wewe ungechagua kazi? Na mwaka huo huo wakamkamata kwa kutembea na mwanamke Mzungu, bila kesi, kambini miaka mitatu mpaka anakufa. Hiyo filamu ilimsaidia nini?

Nondo
Sijasema alistahili kufa. Nasema mtoto akipelekwa pale aambiwe yote, na Peters aliwafanya nini watu wa Kilimanjaro. Msimsugue mpaka awe malaika.

Mtu wa Munich
Hapo nipo na Nondo. Sentimita 10 haziwezi kubeba hayo yote, lazima awepo mtu wa kusimulia.

Mngoni Halisi
Mkishasimulia, vukeni barabara mkaulize makumbusho za huko huko Berlin. Mafuvu ya wazee wetu wa Afrika Mashariki yako makabatini tangu enzi za Mjerumani. Kichwa cha Nduna Songea Mbano, kiongozi wetu Wangoni aliyenyongwa na Mjerumani, hatujakiona mpaka leo. Mwenye jiwe ana anwani. Sisi hatujui hata tubishe hodi mlango upi.

Kitongoji
Hilo sikuwa nimelifikiria kwenye mada, lakini tukiwa na watu kumi tunaweza kuandika barua rasmi, tuipeleke siku hiyo hiyo ya tarehe 9. Nani anaandika Kijerumani kilichonyooka?

Mjukuu wa KAR
Nondo. Si anajua kila kitu.

Nondo
Naandika. Ila neno "kibaraka" silifuti.