Zimebaki kurasa 60 na nashindwa kumalizia, naombeni ushauri

Wadau, habari za jioni. Najua wengine mtanicheka, ila nimekwama kweli.

Nasoma vitabu vitano vya Gail Carriger kuhusu Alexia Tarabotti: London ya Malkia Victoria, wanyonya damu, mitambo ya mvuke, maputo ya kusafiria. Alexia hana roho, akimgusa mnyonya damu tu, meno yale marefu yanapotea. Mwanzoni kabisa anavamiwa na mmoja maktabani, anamtandika kwa mwavuli, halafu kinachomuuma ni kitafunwa chake cha chai kilichoharibika! Nilicheka peke yangu kwenye daladala mpaka konda akaniuliza kulikoni.

Sasa niko cha tano, Timeless cha 2012, wameshafika Misri. Wiki ya tatu hii, tiketi ya basi niliyoweka kama alama haijasogea. Nimerudia cha kwanza, utamu haukuwa ule. Nikajaribu riwaya nyingine ya mvuke na magurudumu, watu wamenuna mwanzo mwisho.

Mwandishi aliendelea na ulimwengu huohuo: vipo vinne vya shule ya wasichana inayoelea angani (2013 hadi 2015), vinavyorudi nyuma kabla ya Alexia, na vinne vya binti yake Prudence (2015 hadi 2019). Mliovisoma, nishike vipi kwanza? Na nikianza vya Prudence kabla ya kumaliza hizi kurasa 60, nitajiharibia mwisho?

Tafadhali msinimwagie uhondo kwenye majibu.