Mnawafungia mlango vijana na wazee kwa jina la kuzuia wizi wa kura, na wizi wenyewe mmeuacha palepale

Ndugu wanajukwaa,

Naandika kutoka Busia, upande wa Uganda, na nina hasira ambayo sioni sababu ya kuificha. Tangu uchaguzi wa tarehe 15 Januari 2026 ulipomalizika, kila wizi wa kura unapozungumzwa nasikia dawa ileile ikipendekezwa: daftari la wapiga kura libanwe zaidi, vitambulisho vikaguliwe zaidi, mashine ziongezwe, na anayeshukiwa kuwa si raia aulizwe maswali zaidi. Wanaosema hivyo wamo katika chama tawala, na wengine wamo katika upinzani. Nawaambia wote kwamba kwa zaidi ya miaka kumi tumekuwa tukiubana mlango anaopitia mpiga kura halali, ilhali mianya inayopitisha wizi haijazibwa, ingawa Mahakama ya Juu ilikwisha kuitaja kwa maandishi zaidi ya mara moja.

Nianze na tarehe za kufunga daftari, maana ndizo zinazoniuma kuliko yote. Kwa uchaguzi wa Januari 2021, daftari lilifanyiwa marekebisho ya jumla mwishoni mwa 2019 na likafungwa Desemba. Kijana aliyetimiza miaka 18 mwanzoni mwa 2020 alikaa mwaka mzima akiwa mtu mzima mbele ya Katiba, analipa kodi katika kila lita ya petroli ya bodaboda yake, anaweza kushtakiwa na kufungwa kama mtu mzima, lakini kura hakuwa nayo. Malalamiko yalikuwa mengi nchi nzima. Je, yalibadilisha nini? Kwa uchaguzi wa 2026 zoezi lilianza tarehe 20 Januari 2025, likatakiwa kwisha tarehe 10 Februari, likasogezwa mbele hadi tarehe 17 Februari, kisha likafungwa. Kutoka hapo hadi siku ya kura kulikuwa na takribani miezi kumi na moja. Aliyetimiza miaka 18 mwezi Machi 2025 aliambiwa asubiri hadi 2031, wakati huo akiwa anaelekea miaka 24.

Tazameni na mpangilio wenyewe. Tangu uandikishaji mkubwa wa vitambulisho vya taifa wa 2014 na 2015, daftari la wapiga kura limejengwa juu ya taarifa za vitambulisho hivyo, na mtu asiye na namba ya utambulisho wa taifa hana njia ya kuingia humo. Kadi zile za kwanza zilitolewa kwa muda wa miaka kumi, kwa hiyo kila mtu serikalini alijua muongo mzima kabla kwamba zingeanza kwisha muda karibu na uchaguzi wa 2026. Pamoja na kulijua hilo, zoezi kubwa la nchi nzima la kuandikisha watu wapya na kuhuisha kadi za zamani lilianza tarehe 27 Mei 2025, zaidi ya miezi mitatu baada ya kufungwa kwa marekebisho ya daftari. Maelfu ya watu walipanga foleni mwaka huo wakidhani wanajiandaa kupiga kura. Walipewa kitambulisho, kura hawakupewa. Mtu anayepanga ratiba ya namna hiyo hawezi kuniambia kwamba nia yake ni kuwa na daftari lililokamilika.

Ibara ya 59 ya Katiba yetu haikumpa raia wa miaka 18 haki ya kupiga kura na kisha kumwacha ajitafutie njia. Inaitaka dola ichukue kila hatua inayohitajika ili kila mwenye sifa aandikishwe na aitumie haki yake. Wajibu huo ni wa dola. Leo umegeuzwa ukawa mzigo wa raia: atafute nauli, akae foleni, arudi wiki ijayo kwa sababu mtandao umekatika, arudi tena kwa sababu karani hayupo.

Halafu kuna suala la vidole. Shemeji yangu ni mjane anayeuza samaki wa kukausha, na kwa miaka mingi mikono yake imekuwa ndani ya chumvi, magamba na kisu. Katika kituo kimoja ambacho sitakitaja, mashine ilikataa kusoma alama zake, na karani akamwambia akae pembeni apishe wengine. Alikaa pembeni hadi jioni. Haikuwa hitilafu ya nadra, maana wakulima, wafyatua matofali, wavunja kokoto na wazee wote wana vidole vilivyosuguliwa na kazi na umri. Rais Museveni mwenyewe, baada ya kupiga kura Rwakitura, alieleza kwamba mashine ilivikataa vidole gumba vyake, kisha ikamkubali kwa sura. Kama hilo linaweza kumtokea Rais, basi ilipasa kujulikana mapema, na kuandikwa katika sheria, nini kifanyike linapomtokea mjane muuza samaki asiye na mtu wa kumsemea.

Sisi wa mpakani tuna mateso yetu ya ziada. Hapa familia moja ina shamba upande huu na makaburi upande wa pili, na Kiswahili chetu peke yake kinatosha kumfanya ofisa mgeni atuulize tumetoka Kenya lini. Katiba inautambua uraia wa kuzaliwa kwa kuangalia jamii zilizokuwa ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926, na jamii hizo zimeorodheshwa katika jedwali la tatu. Asiye katika orodha hiyo ana shida. Wamaragoli wa Kiryandongo, ambao wamezaa na kuzikana katika ardhi hii kwa vizazi kadhaa, wamelalamika kwa miaka mingi kwamba wananyimwa vitambulisho kwa sababu jina la jamii yao halimo. Anaponiambia mtu kwamba suluhisho la wizi wa kura ni kuongeza ukali wa kuchunguza uraia, najua tayari ni nani watakaoondolewa kwenye foleni, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kujaza sanduku la kura.

Sisemi kwamba hakuna wizi. Nimewahi kuwa wakala wa mgombea na ninajua ninachokizungumza. Ila nataka tuseme ukweli kuhusu mahali unapotokea. Mtu mmoja anayejiandikisha mara mbili kwa udanganyifu anaongeza kura moja, na anahatarisha kifungo kwa kura hiyo moja. Msimamizi wa kituo anayeruhusu karatasi zilizokwisha kuwekwa alama ziingizwe sandukuni anaongeza mamia kwa dakika chache. Anayebadilisha fomu ya matokeo kati ya kituo na ofisi ya wilaya hahitaji hata karatasi. Anahitaji kalamu tu, na kutokuwepo kwa wakala mwenye nakala iliyotiwa saini. Wakala huyo anaweza kuwepo na nakala yake akawa nayo mfukoni, lakini intaneti ikiwa imezimwa, kama ilivyozimwa Januari 2021 na kuzimwa tena Januari 2026, hawezi kuituma picha yake popote kabla matokeo ya jumla hayajatangazwa. Hakuna kitambulisho wala alama ya kidole inayoweza kuzuia wizi wa aina hiyo.

Sasa tuje siku yenyewe ya tarehe 15 Januari. Kwa miaka yote tuliambiwa kwamba mashine za kuhakiki wapiga kura ndizo kinga dhidi ya wapiga kura hewa na wanaopiga mara mbili. Asubuhi ikafika, mashine zikagoma katika vituo vingi, watu Kampala na kwingineko wakasimama juani kwa saa nyingi kabla ya kuanza, na Tume ya Uchaguzi chini ya Jaji Simon Byabakama ikaagiza daftari la karatasi litumike. Agizo hilo lenyewe silipingi, kwa sababu ingekuwa dhuluma kubwa zaidi kuwarudisha watu nyumbani. Ninachokipinga ni kwamba wale waliofungiwa nje ya daftari mwaka mzima uliotangulia walifungiwa kwa hoja kwamba mfumo wa kielektroniki unahitaji muda na usahihi, na mfumo huo ulipofika siku ya kazi ukawekwa kando kwa agizo la asubuhi moja. Ukali wote ulimwangukia raia, na mfumo wenyewe ukasamehewa papo hapo.

Lipo pia suala la marehemu, na hapa nawakubalia wanaolalamika kuhusu daftari kuvimba. Wapiga kura walioandikishwa walikuwa kama milioni 15.3 mwaka 2016, milioni 18.1 mwaka 2021, na milioni 21.6 mwaka 2026. Nchi yetu ina vijana wengi na ongezeko hilo linaeleweka, lakini vijijini watu wengi huzikwa bila kifo chao kusajiliwa popote, na jina linabaki. Madhara yake hayaishii kwenye hatari ya mtu kumpigia kura aliyekufa. Tuliambiwa kwamba waliojitokeza Januari walikuwa zaidi kidogo ya nusu ya walioandikishwa. Katika ile nusu ya pili, ni wangapi waliosusa, ni wangapi waliozuiwa, na ni wangapi waliokwisha kufariki? Hakuna anayeweza kutujibu, kwa hiyo hata takwimu ya kujitokeza haituelezi hali ya wananchi. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, anakijua kila kifo cha kijiji chake, maana ndiye anayesimama kwenye kila mazishi. Kumtaka apeleke taarifa hizo kila mwezi kwa msajili, na msajili azifikishe kwa Tume, ni kazi isiyohitaji mashine ya bei kubwa.

Lakini nachelea kufuta majina ovyo, na nina sababu. Katika kesi ya kupinga uchaguzi wa rais wa 2006, Mahakama ya Juu iliona kwamba kuna wapiga kura walionyimwa haki yao kwa majina yao kufutwa katika daftari au kwa kukataliwa kupiga kura. Iliona pia kwamba katika baadhi ya maeneo kulikuwa na watu kupiga kura zaidi ya mara moja na masanduku kujazwa. Someni hayo mawili kwa pamoja: mwaka uleule, nchi ileile, walio hai walifutwa na masanduku yakajazwa. Pamoja na hayo, majaji wanne dhidi ya watatu waliuacha uchaguzi usimame, kwa hoja kwamba haikuthibitishwa kuwa kasoro hizo ziliathiri matokeo kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2001 ilikuwa hivyohivyo, watatu dhidi ya wawili, baada ya mahakama kukubali kwamba sheria haikufuatwa, hata katika kazi ya kulisafisha daftari. Kipimo hicho cha kiasi kikubwa kimo katika Sheria ya Uchaguzi wa Rais hadi leo. Maana yake kwa mtu kama shemeji yangu ni kwamba haki yake inaweza kuvunjwa, mahakama ikathibitisha kwamba imevunjwa, na hakuna kinachofuata.

Mwaka 2016 majaji wote tisa waliitupa kesi ya Amama Mbabazi, mgombea urais aliyepinga matokeo, lakini walitoa mapendekezo kumi. Walitaka matumizi ya teknolojia yawekewe sheria na yaanzishwe mapema, ili maofisa wafunzwe na wapiga kura waelimishwe. Walitaka marekebisho ya sheria za uchaguzi yafanyike ndani ya miaka miwili tangu Bunge jipya lianze, yasisubiri uchaguzi kukaribia. Bunge lilifanya nini? Desemba 2017 lilipata muda wa kuondoa ukomo wa umri wa mgombea urais, na katika sheria hiyohiyo likaongeza siku za kufungua na kusikiliza kesi ya uchaguzi. Yaani wabunge waliyasoma mapendekezo ya mahakama, wakachukua lililowafaa kubebeshwa pamoja na jambo lao. Hata Juni 2020, Mahakama Kuu ilipoamua kwamba wafungwa na Waganda walio nje ya nchi wana haki ya kupiga kura, uchaguzi wa 2021 ulifanyika bila wao.

Kwa hiyo sitaki tena kusikia kwamba marekebisho yanahitaji utafiti na kamati nyingine. Bunge la kumi na mbili lina miaka miwili ileile ambayo mahakama iliipendekeza. Uandikishaji uwe wa kudumu katika kila kaunti ndogo, na sheria itamke kwamba daftari halifungwi zaidi ya siku sitini kabla ya kura, na kwamba anayetimiza miaka 18 kabla ya siku ya kura anaandikishwa mapema akiwa na miaka 17. Jina lisifutwe bila usajili wa kifo au taarifa ya maandishi kwa mhusika, na mhusika apewe nafasi ya kujitetea katika parishi yake, yaani ngazi ya utawala iliyo juu ya kijiji. Sheria iseme bayana nini kinafanyika mashine inapokataa kidole, na nini kinafanyika mashine zote zinapogoma. Fomu ya matokeo ya kila kituo itangazwe hadharani ikiwa picha ya fomu yenyewe, kabla ya jumla kutangazwa, na iwe marufuku kuzima intaneti wakati kura zinahesabiwa.

Nawaomba wote waliorudishwa mwaka 2025 au siku ya kura waandike hapa wilaya yao, kaunti ndogo yao, na sababu waliyopewa. Msitaje majina yenu wala namba zenu za utambulisho. Nitayakusanya maelezo hayo niyapeleke kwa mbunge wetu kwa maandishi, na jibu lake, au ukimya wake, nitauweka katika uzi huuhuu.